Treni Inaanguka, Inasita, Inakata Umeme: Kutafuta Chanzo Kwenye Modeli ya Reli ya Mvuke ya Maonyesho

Treni ikianguka mbele ya watazamaji, karibu kila mtu hukimbilia injini. Huigeuza juu chini, huchokonoa magurudumu, huirudisha, nayo huanguka tena palepale. Kabla ya kushika bisibisi, jua kwanza kosa linafuata nini. Bandika kipande kidogo cha tepu kando ya reli pale lilipotokea, kisha pitisha gari jingine, injini au behewa, taratibu.

Kosa likibaki mahali pale kwa kila gari, tatizo ni njia. Likihama na gari lilelile popote linapokwenda, tatizo ni gari. Likija kwa saa, yaani asubuhi shwari na mchana balaa, tazama joto, unyevu na vumbi la ukumbi. Kuna kundi la nne linaloudhi kuliko yote: gari moja tu, mahali pamoja tu. Hapo kwa kawaida njia na gari vyote viwili viko ukingoni mwa vipimo, kila kimoja kwa upande wake, na itabidi upime vyote.

Vipimo vilivyo hapa chini ni vya njia ya upana wa milimita 16.5, inayotumika kwa skeli (uwiano wa modeli na kitu halisi) za 1:87 na 1:76. Kwa skeli nyingine mantiki ni ileile, tarakimu ndizo zinazobadilika.

Inaanguka pale mbao mbili zinapokutana

Modeli ya maonyesho hufungwa na kufunguliwa kila mara, kwa hiyo maungio ya mbao ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Laza rula ya chuma ya sentimita 30 juu ya reli, katikati ya rula ikiwa juu ya ungio, na uweke tochi nyuma yake. Mwanga ukipenya chini ya rula upande mmoja, reli moja iko juu kuliko mwenzake. Tofauti ya milimita 0.3 inatosha kuangusha bogi (fremu ndogo yenye magurudumu) nyepesi ya mbele ya injini. Kisha simamisha rula kwa ubavu, uigandamize kwenye uso wa ndani wa reli, uone kama zimepishana kushoto au kulia.

Nafasi kati ya ncha mbili za reli si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Gurudumu huvuka pengo la milimita 1 bila shida. Linaloangusha ni ngazi: ya juu na chini, au ya pembeni.

Chanzo cha kwanza ni kuziachia bolti kazi ya kulenga mbao. Bolti ya milimita 8 ndani ya tundu la 8.5 ina mchezo wa nusu milimita, na nusu milimita ni nyingi mno. Bolti zibane tu. Kulenga ni kazi ya pini za chuma au shaba ya njano, jozi mbili kwa kila ungio, dume upande huu na jike upande ule, zikiwa mbali na kila mmoja kadiri upana wa ubao unavyoruhusu. Kama pini zipo na bado kuna ngazi, angalia kama jike limelegea ndani ya mbao. Lichomoe, jaza gundi ya epoksi, lirudishe huku mbao zimefungwa pamoja na reli zimenyooka.

Chanzo cha pili ni ncha za reli zilizoachwa zishikwe na mataruma ya plastiki peke yake. Zikikwaruzwa na mkono mara mbili tatu wakati wa kubeba, zinahama. Ondoa mataruma manne ya mwisho kila upande, uweke vipande vya bodi ya saketi yenye utando wa shaba, vilivyogundishwa kwa epoksi, kisha lehemu reli juu yake. Kata mfereji kwenye utando wa shaba katikati ya reli mbili, la sivyo umejitengenezea shoti. Hakikisha kwa maltimita kabla ya kuwasha chochote. Njia nyingine ni skrubu ya shaba ya njano chini ya kila reli, inayozungushwa mpaka kichwa kiguse reli, halafu inalehemiwa. Skrubu ina faida moja: kimo unaweza kukirekebisha baadaye kwa kuipasha moto na kuizungusha robo.

Mpangilio wa kazi una maana. Funga mbao kwa pini na bolti kwanza, pitisha reli nzima isiyokatwa juu ya ungio, lehemu pande zote mbili, acha ipoe, ndipo ukate kwa diski nyembamba. Ukikata kwanza na kulehemu baadaye, ncha mbili hazitakaa sawasawa tena hata ukijitahidi vipi.

Ikiwa ungio lilikuwa sawa nyumbani na limeharibika ukumbini, tazama sakafu. Sakafu za kumbi si tambarare. Tafuta sehemu iliyo juu kuliko zote, simamisha hapo ubao wa kwanza, halafu uende ukishuka. Miguu yenye bolti za kurekebisha inaweza kurefushwa ikakutana na sakafu ya chini, lakini haiwezi kuzama ndani ya sakafu ya juu. Bolti ya M10 yenye mchezo wa sentimita 5 hutosha kumbi nyingi. Pima kwa pimamaji kwenye kila ubao kabla ya kukaza bolti, kwa sababu ukikaza kwanza unaupinda ubao na pini zinabeba mzigo usio wao.

Njia imebenuka, au mapengo yamefunga

Reli za modeli nyingi ni aloi ya shaba, nikeli na zinki. Mita 10 za reli hiyo zikipanda joto kwa digrii 20 hurefuka kwa takriban milimita 3.4. Si nyingi, lakini zikikosa pa kwenda hubenua njia pembeni. Acha pengo la nusu milimita hadi milimita 1 kila urefu wa reli, na usilehemu viungio vya chuma kati ya reli vyote mfululizo.

Ila mara nyingi mkosaji halisi ni mbao, kwa unyevu kuliko joto. Plaiwudi ya milimita 9 isiyopakwa chochote hunyonya na kutoa unyevu, na reli zilizogundishwa juu yake hufuata. Paka vanishi pande zote, chini na kingo pia. Ukipaka juu tu unaualika ubao kujikunja. Modeli iliyosafiri kwenye gari baridi ipe muda ndani ya ukumbi kabla ya kuijaribu, mpaka umande juu ya reli ukauke wenyewe.

Dalili ya pengo lililofunga ni shoti inayozuka mchana kwenye sehemu iliyokuwa salama asubuhi. Mapengo ya kutenga umeme yajazwe kipande cha plastiki cha milimita 0.5 kwa gundi kali, kisha kichongwe kwa tupa mpaka kifuate umbo la reli. Pengo lililojazwa haliwezi kufunga.

Inaanguka kwenye pointi

Pointi ni pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili. Hapa usiseme "inaanguka kwenye pointi" ukaishia hapo. Inama, macho yawe usawa wa reli, sukuma gari kwa kidole polepole uone ni hatua gani linaponyanyuka.

Likinyanyuka kwenye ncha ya ulimi, yaani reli nyembamba inayosogea kuchagua njia, ulimi haujafunga. Punje ya kokoto imekaa kati, gundi ya kokoto imeingia chini ya ndimi, au mota inayosogeza ndimi haisukumi hadi mwisho. Ncha yenyewe pia huenda ni nene. Ipitishe tupa laini mpaka ukucha ukiipitia usikwame.

Likigonga ncha ya moyo wa pointi, pale reli mbili za ndani zinapokutana, magurudumu yamepanuliwa mno kwenye ekseli, au mfereji wa reli ya ulinzi upande wa pili ni mpana. Kazi ya reli ya ulinzi ni kuuvuta mgongo wa gurudumu lile ili hili lisifikie ncha. Mfereji ukiwa mpana haivuti kitu. Bandika ukanda wa plastiki wa milimita 0.25 kwenye uso wake, jaribu, ongeza ikibidi.

Likipanda juu ya reli ya ulinzi yenyewe au kudunda, magurudumu yamekaribiana mno. Umbali kati ya migongo ya magurudumu unatakiwa uwe milimita 14.4 hadi 14.5 kwa njia nyingi za kawaida za 16.5. Pima kwa kalipa au kipande cha chuma kilichochongwa kwa kipimo hicho, sehemu tatu kuzunguka gurudumu, maana gurudumu lililoyumba hutoa vipimo vitatu tofauti. Kurekebisha, shika magurudumu mawili kwa mikono, zungusha huku ukivuta au kusukuma. Usigonge kwa nyundo. Na usifanye hivi kwa magurudumu makubwa ya injini yaliyounganishwa kwa fimbo, kwa sababu utaharibu pembe zake. Hilo lina sehemu yake hapa chini.

Pima magari yote, hata mapya yaliyotoka kwenye boksi leo. Hasa hayo.

Shoti kwenye pointi

Pointi yenye moyo wa chuma unaopata umeme hupitisha injini vizuri kuliko yenye moyo wa plastiki, lakini ina njia tatu za kuleta shoti.

Ya kwanza ni ya mwendeshaji: treni imetoka upande ambao pointi haikuwekewa. Gurudumu likivuka pengo la kutenga linaunganisha pande mbili za umeme. Hakuna kilichoharibika, ila kwenye maonyesho ndiyo sababu ya shoti nyingi kuliko zote, kwa hiyo ichunguze kabla ya kuingia chini ya meza.

Ya pili, mgongo wa gurudumu hugusa ulimi uliofunguka, ambao kwenye pointi nyingi una umeme wa upande wa pili. Utaona cheche ndogo na injini inashtuka bila kusimama. Magurudumu yaliyokaribiana ndiyo sababu. Tiba ya kudumu ni kutenga ndimi na moyo: kata nyaya ndogo zinazowaunganisha chini, kata reli kama hazijakatwa, kisha ulishe kila ulimi kutoka reli ya nje iliyo jirani yake, na moyo peke yake kupitia swichi ya mota. Baada ya hapo ulimi na reli ya jirani vina umeme mmoja, vigusane vipendavyo.

Ya tatu ni swichi ya mota inayogeuza umeme mapema au kwa kuchelewa. Inatakiwa kugeuza ndimi zikiwa katikati ya safari. Ukitenga ndimi na moyo kama ilivyoelezwa, hata hii hupungua makali.

Mota za koili zinazopiga kwa nguvu zikishindwa kupiga, lisha kupitia kisanduku cha kapasita (kinachohifadhi umeme na kuutoa kwa mpigo) na utumie waya mnene. Mpigo ni mfupi na waya mwembamba huula. Mota za mwendo wa polepole hushindwa kwa sababu nyingine: waya wa kusukuma ni laini mno. Badilisha ule wa milimita 0.8 uweke wa milimita 1.

Injini inasita au inachechemea

Hizi ni dalili mbili tofauti. Inayosimama ghafla ikaondoka ukiigusa ina njaa ya umeme. Inayochechemea kwa mpigo, mara moja kila gurudumu linapozunguka, ina kosa la chuma, na hata ukisugua reli siku nzima haitapona.

Kwa inayochechemea, tenganisha mota na gia, weka fremu juu ya kioo kilichoinamishwa. Iteremke yenyewe kwa mwendo mmoja. Isipoteremka, ondoa fimbo zote za kuunganisha magurudumu. Ikiwa bado inakwama bila fimbo, ekseli imepinda au gurudumu halikukaa katikati. Ikiteremka, rudisha fimbo za upande mmoja tu, jaribu. Ziondoe, weka za upande wa pili, jaribu. Upande mmoja ukikwama peke yake, umbali kati ya matundu ya fimbo haulingani na umbali kati ya ekseli. Kila upande ukiwa huru peke yake lakini zote mbili pamoja zinakwama, pembe za magurudumu hazilingani.

Magurudumu ya kushoto na kulia hupishana kwa robo ya mzunguko, digrii 90. Wengi huhangaikia 90 kamili. Kinachohitajika ni ekseli zote ziwe na pembe moja. Zote zikiwa na 88 injini itakimbia vizuri, moja ikiwa 88 na nyingine 91 itakwama. Rekebisha ekseli moja kwa wakati ukilinganisha na ile yenye gia. Matundu ya fimbo yapanue kwa kitanuzi chembamba, mzungusho mmoja kisha unajaribu. Ukishapanua huwezi kurudisha.

Fimbo za vali zina matatizo yake. Kama injini inakwama kwa ghafla na kwa nguvu, angalia nati ya pini ya gurudumu la mbele: je, inagonga kichwa cha fimbo ya pistoni inaporudi nyuma? Nafasi hapo ni finyu mno. Tumia nati nyembamba au uipunguze kwa tupa. Kwenye mtindo wa fimbo za vali uitwao Walschaerts, mkono mdogo ulio mwisho wa pini ukilegea hugeuka, na fimbo yake inaweza kukwama na kupinda katika mzunguko mmoja. Ukaze kabla ya kila onyesho.

Kelele upande mmoja wa mwendo tu, mbele kimya na nyuma mlio, ni mchezo wa mhimili wa gia ya parafujo. Ongeza washa nyembamba mpaka mchezo ubaki kama milimita 0.1. Kelele pande zote mbili ni gia zilizobanana. Weka ukanda wa karatasi nyembamba kati yake, kaza mota, zungusha karatasi itoke.

Kwa njaa ya umeme, geuza injini juu chini kwenye sponji, gusisha nyaya mbili za umeme kwenye gurudumu moja la kila upande, ukibadilisha jozi. Gurudumu lisilojibu lina kipokeo (kinachochukua umeme kutoka kwenye gurudumu) kilichopinda au kichafu. Kipokeo kinachogandamiza sana ni kibaya sawa na kisichogusa, kwani huvunja mwendo wa gurudumu. Waya wa shaba-fosfori wa milimita 0.3 hadi 0.45 ugusane na gurudumu hata likisogea pembeni hadi mwisho. Injini fupi ya ekseli tatu iongezewe vipokeo kwenye gari lake la makaa. Kapasita ya akiba husaidia, lakini ifunge mwisho, baada ya yote kuwa sawa. Ikifungwa mapema inaficha kosa mpaka siku ya onyesho. Tena ikiwepo, baadhi ya mitambo ya kidijitali hushindwa kusoma dikoda, kifaa ndani ya injini kinachopokea amri.

Nguvu inapungua mwisho wa njia

Weka sarafu juu ya reli mbili, mahali palipo mbali zaidi na chanzo cha umeme. Mtambo unaolisha umeme lazima ukate papo hapo. Usipokata, toa sarafu mara moja: shoti yenye ukinzani wa omu 3 kwenye volti 15 hupitisha ampea 5, ambazo ni wati 75 za joto. Zinatosha kuyeyusha mataruma na bogi, huku mtambo ukidhani ni treni nzito tu.

Sababu ni waya. Mita 10 za kwenda na 10 za kurudi kwa waya wa milimita za mraba 0.22 hupoteza zaidi ya volti 4 kwenye ampea 3. Kwa waya wa 2.5 hupotea volti 0.4 hivi. Basi, waya mkuu uwe wa 2.5, na vile vifupi vinavyopanda kwenye reli viwe 0.22, visizidi sentimita 30, kimoja kwa kila kipande cha reli. Usitegemee viungio vya chuma kati ya reli kupitisha umeme. Vinafanya kazi mwaka wa kwanza, kisha rangi na gundi ya kokoto huingia.

Mabehewa yanaachana au yanabanana

Pima uzito kwanza. Kanuni ya gramu 25 kwa kila ekseli inafaa kwa skeli hizi. Behewa jepesi katikati ya msafara mrefu huvutwa ndani ya kona likapinduka, na lenye uzito sahihi likiwa nyuma yake ndilo hulaumiwa. Uzito wa risasi usigundishwe kwa gundi nyeupe ya mbao ndani ya tangi au boila: risasi huoza polepole, huvimba, na hupasua mwili wa injini baada ya miaka. Tumia epoksi.

Bafa (vikingio vya mwisho wa mabehewa) zikishikana kwenye njia ya S wakati wa kurudi nyuma, tatizo ni mpangilio wa njia. Kati ya kona mbili zinazopingana weka kipande kilichonyooka chenye urefu wa angalau behewa refu kuliko yote.

Injini ikiteleza kwenye mteremko wa 1 kwa 50, tazama springi ya bogi ya mbele au nyuma kabla ya kuongeza uzito. Springi ngumu hunyanyua injini kwenye magurudumu yanayovuta. Kisha tazama mafuta.

Utando mweusi na moshi

Weusi juu ya reli hutokana kwa sehemu kubwa na cheche ndogo kati ya gurudumu na reli. Kitambaa chenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 huondoa. Kifutio chenye mchanga kitumie mara moja tu, kuondoa gundi baada ya kumwaga kokoto, kwa sababu mikwaruzo yake hukusanya uchafu upya. Magurudumu yasafishe kwa kulaza karatasi ya shashi yenye alkoholi juu ya reli, nusu ya injini juu yake na nusu kwenye reli tupu, ukiishika izunguke papo hapo.

Mafuta ya kutoa moshi huanguka juu ya reli yakaleta utelezi. Kwa onyesho la siku nzima, moshi uwe wa injini moja, na njia yake ifutwe kila mapumziko. Mlio wa mvuke una uzito zaidi machoni na masikioni mwa anayejua: injini ya silinda mbili hutoa mipigo minne kwa kila mzunguko wa gurudumu la kuvuta. Ukisikia mitatu au mitano, rekebisha thamani ya dikoda kwa mwendo wa polepole kabisa, ambako mipigo inahesabika.